Kupepeta Majina

Malaba,
6 Septemba 1999

Kwa Mzee Robinson Ogendo,
Nairobi.

Mzee, pokea salamu nyingi kutoka mpakani. Mimi ni Vivianne Nerima, katibu wa Umoja wa Akina Mama Wachuuzi wa Malaba. Nakuandikia barua kwa sababu simu ya ofisi yetu ikiwa nzima umeme umepotea, na umeme ukirudi simu imekufa. Hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Ni mtu wa kanisa letu, haibi.

Tuliambiwa wewe ndiwe unayetunza tovuti yetu huko Nairobi. Basi hiyo tovuti, mzee wangu, inatuaibisha. Mtu akitaka kujua nani anauza dagaa wa omena na nani anauza simsim, anabonyeza, halafu anangoja. Juzi mnunuzi kutoka Eldoret alibonyeza hapa ofisini, akaenda kula chapati kwa jirani, akarudi akakuta bado haijafunguka. Akaniambia, "Dada, hata punda angekuwa amefika Tororo." Akina mama walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mimi sikucheka.

Ningecheka vipi, na mimi ndiye niliyewashawishi? Nilisimama mbele ya kikao nikasema majina yao yakiingia kwenye kompyuta, wanunuzi watawatafuta wenyewe. Sasa mkutano mkuu ni tarehe kumi na moja Desemba, na wataamua jambo moja: tuendelee na tovuti, au tuuze kompyuta tununue hema na viti vya kukodisha kwa matanga na harusi. Wengi wanataka hema. Anayenitetea ni mwenyekiti peke yake, Mama Okwara, na hata yeye ameanza kuniangalia vibaya. Kompyuta ikiuzwa, katibu naye anarudi kwao Khunyangu kulima mihogo ya shangazi. Wewe humjui shangazi yangu. Mimi namjua.

Nakuomba sana, mzee, ifanye ikimbie.

Ni mimi mtiifu wako,
Vivianne Nerima


Nairobi,
14 Septemba 1999

Kwa Mama Nerima,

Heshima yako, mama. Barua imefika ikinukia samaki, nikasikia njaa ofisini.

Hapa kwetu kila mtu ana wazimu wa mwaka elfu mbili. Bosi anasema mwaka ukibadilika kompyuta zote zitafikiri tumerudi mwaka 1900, kwa hivyo tunashinda tukikagua mashine za watu. Lakini nimeiba muda wa chakula cha mchana nikafungua tovuti yenu kwa ndani.

Simu yenu ni mbaya, sawa, lakini ugonjwa wenyewe uko huku. Kuna ghala la data, ndipo majina ya wanachama yanapowekwa. Ukurasa wenu, kabla haujamwonyesha mtu hata jina moja, unasoma majina yote kutoka la kwanza hadi la mwisho. Yakiwa machache hakuna neno. Lakini mama, humo ndani mna umati wa uwanja wa mpira! Nikafikiri Malaba imekuwa jiji na sisi hatujaambiwa. Halafu nikaanza kusoma. Mama Okwara, omena. Mama Asio, simsim. Mama Okwara, omena. Mama Callistus, ndizi. Mama Okwara, omena. Mama Okwara, omena. Huyu Mama Okwara ana nini?

Naomba unieleze majina yanajirudia kwa nini, ndipo nijue pa kuanzia.

Wako,
Robinson Ogendo


Malaba,
20 Septemba 1999

Mzee Robinson,

Kwanza nikurekebishe. Mimi si mama wa mtu, bado. Nina miaka ishirini na mitatu, na wanaotaka kuniita mama wa watoto wao nimewaambia wangoje.

Kuhusu swali lako, nimelifikiria sana. Huenda ni umeme wa huku. Unakuja kwa nguvu mpaka balbu inalia. Umeme wa namna hiyo ukiingia kwenye kompyuta, si unaweza kurudia maneno? Au ni virusi. Hapa madereva wa malori wanapita na disketi za kila aina kutoka kila nchi. Mimi sio mtaalamu, nasema tu.

Mwenyekiti anakusalimu. Anauliza kama ni lazima kuuliza maswali mengi ndiyo kitu kitengenezwe.

Vivianne Nerima


Nairobi,
25 Septemba 1999

Dada Nerima,

Basi na mimi si mzee. Nina ishirini na sita na ndevu zimekataa kuota.

Umeme haumjui Mama Okwara. Na nimeangalia tarehe: majina yote yanaingia Jumamosi asubuhi. Kila Jumamosi. Virusi gani hivi, vinapumzika Jumapili hadi Ijumaa? Niambie ukweli, dada. Siwezi kufagia nyumba kama sijui uchafu unaingilia mlango gani.

Robinson


Malaba,
1 Oktoba 1999

Robinson (uzee nimeuondoa),

Haya, ukweli ndio huu, na usicheke.

Chama chetu kina sheria moja kali. Kila kikao cha Jumamosi lazima jina lako liandikwe. Asiyeandikwa hakuwepo, hata kama alikaa mbele kabisa na ndiye aliyeomba sala ya kufungua. Na ambaye hakuwepo ananunulia wenzake soda. Sasa mimi nilipotangaza kwamba majina yanaingia kwenye kompyuta, akina mama wakaelewa kwamba hilo ndilo daftari jipya la mahudhurio. Jumamosi ikifika wamejipanga mlangoni. "Niandike, Nerima, nisije nikatozwa soda." Nikawaeleza kwamba mara moja inatosha. Mama Asio akaniuliza, "Kwani nikiwa nilienda kanisani Jumapili iliyopita, hii nibaki nyumbani?" Nikamwandika. Wewe ungemkatalia? Ungemkatalia nani, mama wa watu amesimama na kikapu kichwani?

Nimeshanunua daftari la kawaida kwa ajili ya mahudhurio. Huo mlango umefungwa.

Kwa hivyo pepeta. Kanuni ni rahisi, ichukue kwangu: jina likifanana, sanduku la posta likifanana, soko likifanana na bidhaa ikifanana, huyo ni mtu yule yule. Bakisha mmoja, wengine ni makapi. Usiwe na huruma.

Nerima


Nairobi,
11 Oktoba 1999

Dada Nerima,

Fungua tovuti sasa hivi. Usisome barua hii kwanza, fungua.

Umeona? Ati punda! Mwambie yule mtu wa Eldoret arudi.

Nimefanya hivi. Majina yaliyofanana kama ulivyosema nimeyaunganisha, nikabakisha lile la mwisho kuandikwa, kwa kuwa maelezo yake ni mapya. Nimefuta jumbe za wanunuzi zilizoanza na hazikumalizika, maana kumbe mtu akichoka kungoja alikuwa anaacha salamu nusu, na zote zilikuwa zimekaa humo. Halafu nimetengeneza faharasa, yaani sasa ukitafuta omena, mashine inakwenda moja kwa moja penye omena bila kupitia kwa wauza ndizi. Mwisho nimekaza ghala lote ili zile nafasi zilizobaki wazi zifungike. Mama Okwara peke yake alikuwa amejaza kurasa na kurasa. Sasa yuko mmoja, safi, na kibanda chake karibu na fundi wa baiskeli.

Bosi amepita hapa, ameona ukurasa unafunguka, ameniuliza ni wa kampuni gani kubwa. Nikamwambia ni wa Malaba. Mtaniwekea sahani ya omena siku moja, ama vipi?

Robinson


Malaba,
18 Oktoba 1999

Robinson,

Umetuua.

Nianze na uzuri, ili nisikuonee. Jumamosi nilifungua ukurasa mbele ya akina mama wote, na kabla Mama Asio hajamaliza kuketi majina yalikuwa yametokea. Wakapiga vigelegele mpaka askari wa kizuizi cha barabarani akaja kuuliza kuna harusi ya nani. Na oda ilikuwa imeingia! Duka moja la Nakuru linataka omena kwa Mama Okwara, tena magunia. Mwenyekiti akainuka akacheza. Akasema, "Nerima, nionyeshe jina langu nilione na macho yangu."

Nikamwonyesha. Mama Okwara, omena, Soko la Malaba, karibu na fundi wa baiskeli.

Robinson, kibanda cha mwenyekiti hakiko karibu na fundi wa baiskeli. Kile ni cha Mama Okwara mwingine.

Najua utaniuliza kwa nini sikusema. Nilisahau, kwa sababu hapa hakuna mtu anayehitaji kuambiwa. Mzee Wesonga ana wake wawili. Baba yake marehemu aliitwa Okwara, na marehemu anataka jina lake liitwe katika kila nyumba, ndiyo desturi. Kwa hivyo mke mkubwa, Petronilla, alimzaa Okwara, na mke mdogo, Amuron, naye alipojifungua mvulana akampa jina Okwara. Wote wawili ni Mama Okwara. Mume mmoja, sanduku moja la posta, soko moja, na wote wanauza omena. Kanuni niliyokupa imewafanya mtu mmoja, na aliyebaki ni Amuron kwa sababu Jumamosi ya mwisho aliandikwa nyuma ya mwenzake.

Hawa walikuwa wakisukana nywele, Robinson. Mmoja akienda Port Victoria kuchukua omena, mwingine anamlishia watoto. Watu wa hapa wakitaka kuwausia wake wenza wanawatuma kwao wakajifunze. Sasa Petronilla anasema Amuron alinilainisha kwa maneno matamu ili nimtoe mkubwa wake. Amuron analia, anasema hata hajui kompyuta inawashwa wapi. Oda ya Nakuru amekataa kuigusa. Hawasalimiani. Mzee Wesonga alikwenda Busia kununua betri za redio siku ile ile, na mpaka leo betri hazijapatikana.

Na mwenyekiti ametangaza kwamba Desemba kura yake ni ya hema. Yeye ndiye aliyekuwa ananishikilia. Mrudishe, tafadhali. Nimeanza kuota mihogo.

Nerima


Malaba,
19 Oktoba 1999

Kwa huyo anayefuta watu, Nairobi.

Naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Nilifika darasa la saba kabla ya kuolewa, kwa hivyo usifikiri naandikiwa na mtu.

Wewe Robinson hunijui. Nimeingia boma la Wesonga nikiwa msichana mwembamba. Nimelima, nimezaa, nimemuuguza mama mkwe wangu mpaka mwisho, nimemwosha kwa mikono hii. Soko hili lilipokuwa majani na matope, mimi nilikuwa nimeshatandika gunia langu. Chama hiki nilikianzisha mimi na Mama Asio chini ya mwavuli mmoja, na mwavuli wenyewe ulikuwa umetoboka. Leo mashine yako inasema Mama Okwara ni mmoja, na si mimi.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia Nerima. Mke mdogo akija, kila mtu anakuambia usiogope, wewe ni mkubwa. Unaitikia, na unaogopa. Unaogopa kwamba siku moja watu watataja jina na watakuwa wanamtaja yeye. Mimi niliogopa miaka yote nikiwa nacheka naye, nikimsuka. Na nilipoona pale kwenye kioo cha kompyuta nikasema, haya, siku ndiyo hii.

Kama kuna mtu alikutuma, mtaje. Kama hakuna aliyekutuma, basi una mkono mbaya na hupaswi kupewa hata jembe.

Mwenyekiti,
Petronilla


Nairobi,
27 Oktoba 1999

Dada Nerima,

Msomee mama mwenyekiti sehemu hii kwa sauti: Mama, hakuna aliyenituma. Si Amuron, si Nerima. Ni mimi. Nimekulia hapa Kaloleni, nyumba ya chumba kimoja, baba mmoja na mama mmoja, na nilipoona vitu vinne vimefanana sikuwaza kwamba wanaweza kuwa watu wawili. Nisamehe, mama. Barua yako nimeisoma mara nyingi na nina aibu.

Sasa hii ni ya kwako peke yako, Nerima. Uliniomba nimrudishe. Siwezi. Kabla ya kusafisha nilikuwa na nakala ya ghala lote, lakini nilipomaliza nikaandika nakala mpya juu ya ile ya zamani. Diski ilikuwa imejaa, na nilikuwa na haraka ya kuja kukuandikia nijisifu. Sikukuambia kwa sababu nilitumaini hutauliza.

Tuanze upya basi, tuingize wanachama wote tena. Lakini nahitaji kitu kimoja ambacho kila mtu anacho na hakifanani na cha mwenzake, la sivyo nitawachanganya tena. Hapa Nairobi tunatumia nambari ya kitambulisho. Unaweza kuniletea?

Robinson


Malaba,
7 Novemba 1999

Robinson,

Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Angalau anajua kuomba msamaha, wengine wamekwenda kununua betri." Kisha akarudi sokoni. Na Amuron bado hamwangalii.

Mambo ya kitambulisho yasahau. Nilitaja neno hilo Jumamosi na nusu ya kikao wakachukua vikapu vyao. Hapa mtu ana shamba upande huu wa daraja na mama yake upande wa pili, na akisikia nambari anawaza kodi, au askari, au vyote pamoja. Mama Callistus aliniuliza kama nimeanza kufanya kazi ya serikali. Nikaona kazi yangu imekwisha, nikaanza kufunga madirisha.

Aliyeniokoa ni Amuron. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, maana siku hizi anakaa karibu na mlango. Akasema polepole, "Kila mtu hapa alikuwa na jina kabla ya mtoto. Si tutaje hilo?"

Waliochukua vikapu wakaviweka chini. Halafu wakaanza kucheka, unajua vile watu wazima wanacheka wakiona haya. Mmoja akasema lake amelisahau. Mama Asio akainuka, akashika kiuno kama anayetaka kugombana, akasema jina lake la usichana, la baba yake na la kwao. Akakaa. Akainuka mwingine. Robinson, laiti ungekuwepo! Kuna mama ambaye miaka yote nimemjua kwa jina la mwanawe mlevi, kumbe ana jina zuri kama la malkia. Alipolitaja, rafiki zake wakampigia makofi. Wengine walitaja la nyumbani na la ubatizo, wengine wakaongeza na la utani walilopewa wakichunga mbuzi. Mimi naandika, machozi yanadondoka kwenye karatasi, kwa hivyo ukiona wino umetawanyika ujue si mvua.

Amuron akataja lake: Amuron, wa Kocholia. Mwenyekiti akawa wa mwisho. Akasimama. Akasema, "Petronilla Akeyo. Port Victoria. Nilizaliwa watu wakivuna." Akakaa bila kumwangalia mtu.

Majina yote nimeyaweka ndani ya bahasha hii. Nimeyahakiki na wenyewe, hakuna yanayofanana. Kondakta nimemwapisha.

Nerima


Nairobi,
18 Novemba 1999

Nerima,

Nimeyaingiza yote, moja moja, kwa mkono. Mashine ingeweza kunisaidia lakini nilitaka kuyasoma. Sasa kila mwanachama ana safu yake na hakuna anayeweza kumeza mwenzake, hata akijiandikisha kila Jumamosi mpaka kiama. Ukurasa bado unakimbia. Nakala ninazo mbili, moja ofisini na nyingine nyumbani ndani ya kabati la vyombo.

Nikuambie jambo. Nilifika nyumbani jioni ile nikiwa na barua yako mfukoni, nikamkuta mama anaosha sahani. Majirani wanamwita Mama Robi. Kwenye fomu zangu za shule aliandika Mary. Nikamuuliza, mama, kwenu ulikuwa unaitwa nani? Akaacha sahani ndani ya maji. Akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, nataka tu kujua. Akasema, "Amondi. Nilizaliwa alfajiri, kabla jua halijatoka." Kisha akanihadithia habari za mama yake mpaka chai ikapoa. Miaka ishirini na sita, Nerima, na sikuwahi kuuliza!

Natamani kuja tarehe kumi na moja lakini bosi amefuta likizo zote mpaka huo mwaka mpya wake upite salama. Nitakuwa nimeketi hapa, na sitafanya kazi yoyote ya maana siku hiyo. Niandikie upesi, hata kama ni habari za mihogo.

Robinson


Malaba,
12 Desemba 1999

Robinson,

Nina usingizi, nina furaha, na miguu inauma kwa kucheza, kwa hivyo vumilia mwandiko.

Jana asubuhi nilifika ofisini mapema nikaomba Mungu kwa ajili ya umeme, halafu nikaomba kwa ajili ya simu. Nikaona haya kuomba na kwa ajili yangu, nikaacha. Mtu wa hema alikuwa amefika tayari na picha za hema lake, la mistari ya buluu na nyeupe, zuri kweli, nisiseme uongo. Akina mama wanazipitisha mkono kwa mkono.

Kisha wakafika Petronilla na Amuron. Pamoja! Wamekalia baiskeli mbili za boda boda, zinaendeshwa bega kwa bega, na wanaongea kwa sauti juu ya vichwa vya waendeshaji. Chumba kizima kikageuka. Hakuna aliyejua kilichotokea, na mimi sikuthubutu kuuliza. Wakaingia, wakakaa benchi moja.

Mwenyekiti akafungua kikao, tukasali. Akasema, "Kabla ya kura, Nerima, nitafutie mtu anaitwa Petronilla Akeyo." Niliandika jina vibaya, nikalifuta, nikaandika tena. Nikabonyeza. Likatokea hapo hapo. Petronilla Akeyo, omena, Soko la Malaba. Akasogea karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. Akasoma kwa sauti, mara ya pili akasoma kwa sauti kubwa zaidi. Halafu akageuka akasema, "Mimi matanga nimeshayaona ya kutosha. Hema watakodisha wengine. Anayetaka tovuti ainue mkono." Robinson, ilikuwa mikono kila mahali! Mtu wa hema mwenyewe aliinua, kisha akakumbuka yeye si mwanachama.

Kwa hivyo nipo. Nimemwandikia shangazi kwamba mihogo aendelee nayo mwenyewe.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya mwenyekiti. Ameifunga kwa gundi na kuikalia ili ishike, kwa hivyo sijaisoma. Njoo Januari, bosi wako akishaona dunia haijaisha. Omena ipo. Na mimi nipo.

Vivianne


Malaba,
12 Desemba 1999

Kwa mwanangu Robinson,

Kura Nerima amekuandikia. Hii ni yetu sisi wawili. Naandika mimi, na Amuron amekaa hapa kando ananisahihisha kana kwamba yeye ndiye mwalimu.

Yule mtu wa Nakuru alitaka magunia ambayo kibanda kimoja hakiwezi kuyatoa. Ulipotutenganisha, Nerima alimwuliza Amuron kama sasa ataichukua oda, maana ilikuja kwa kibanda chake. Amuron akaja mlangoni kwangu, mara ya kwanza tangu Oktoba. Sikumpa kiti. Akasema hapana neno, atasimama. Akasema, "Mkubwa, oda ni ya Mama Okwara. Mimi ni nusu yake tu." Mimi nilikuwa nimejiwekea matusi ya kutosha, niliyapanga nikiwa shambani, yakakaa vizuri. Yote yakanitoka kichwani. Nikalia, naye akalia, uji ukaungua jikoni na hakuna aliyetoka kuuepua, tukaanza kucheka. Nikamwambia yale niliyokuandikia wewe, ya kuogopa. Akaniambia hata yeye aliogopa miaka hiyo yote, kwamba hapa kila kitu kilikuwa kimeshatajwa kwa jina langu kabla hajafika. Tukaonana wajinga. Magunia yameshafika Nakuru, na mtu yule ameagiza mengine.

Sasa tuna ombi, na usiseme tunakusumbua. Safu zetu mbili tumeziona, tumezisoma, tumewaonyesha na watoto. Tunakushukuru. Sasa ziondoe, weka moja. Andika hivi: Petronilla Akeyo na Amuron, omena, Soko la Malaba, karibu na fundi wa baiskeli. Kesho nahamia pale kwake, kuna kivuli.

Mzee Wesonga amerudi kutoka Busia na betri zake. Anauliza kama na yeye anaweza kuingia hapo kwenye jina letu, maana ni mume. Usimwandike. Hauzi kitu.

Ni sisi,
Petronilla Akeyo
Amuron